Ukungu wa Mafuta ya Sangara

Mwanangu huchora nyumba kwa kompyuta. Ni nyumba ambazo bado hazijajengwa. Zina mapazia, zina gari mlangoni, zina hata mti wenye kivuli chake, lakini ukienda kwenye kiwanja chenyewe utakuta mbuzi wanatafuna mabua ya mahindi. Akimaliza kuchora ananiita. "Mama, njoo uzipe macho." Basi nakaa, nasogeza kiti mpaka pua inakaribia kugusa kioo, na kwa ile programu yake ya kuhariri picha naanza kufifisha vilivyo mbali. Ukuta wa nyuma naulegeza kidogo. Miti ya jirani nailegeza zaidi. Vilima naviacha viyeyuke kabisa. Nyumba inabaki imesimama mbele peke yake, na ghafla unaweza kuamini kwamba kuna mtu atatoka pale mlangoni kumwaga maji aliyooshea vyombo.

Tatizo la picha ya kuchora, iwe ya kompyuta au ya brashi, ni kwamba kila kitu ndani yake kinataka kuonekana. Kila jani linapiga kelele. Jicho la mtu haliko hivyo. Jicho hushika kitu kimoja, vingine huviacha visinzie. Mwanangu alifundishwa hayo chuoni, kwa Kiingereza. Mimi nilifundishwa na macho yangu mabovu, na baadaye nikafundishwa na samaki.

Nilizaliwa Butiama, upande wa Mwitongo, kati ya mashamba ya mtama na yale mawe makubwa yaliyopandana. Mpaka nakuwa msichana mkubwa sikujua kwamba sioni mbali. Nani angeniambia? Kila mtu hudhani wenzake wanaona anachokiona yeye. Kwangu mimi dunia ilikuwa na ukubwa wa ua wetu. Ndani ya ua kila kitu kilikuwa wazi: ufa wa chungu, unyoya wa kuku kwenye jivu, mishipa ya mikono ya mama akipepeta. Nje ya ua rangi zilianza kulowana na kuingiliana, zikaendelea hivyo mpaka mbinguni. Vilima havikuwa na ukingo. Ng'ombe wa jirani walikuwa madoa yanayohama. Jioni, jua likizama, nilikuwa nikikaa juu ya jiwe kutazama upande wa ziwa, ambalo sikuliona, nikaona tu mwanga unavimba na kutulia, unavimba na kutulia, na nikaridhika kabisa. Wengine huniambia pole nikiwasimulia haya. Pole ya nini? Nilikuwa naishi ndani ya ndoto na chakula napewa.

Watu niliwatambua kwa mwendo. Sura ya mtu niliipata akishafika, lakini mwendo wake ulifika kabla yake. Niliweza kusema nani anakuja wakati bado ni doa tu: huyu anaburuta mguu, huyu anatembea kama anakanyaga mayai, huyu ni shangazi, ona anavyomsukuma hewani mtu asiyekuwepo. Watu walidhani nina macho ya mwewe.

Shuleni ndiko nilikoumbuka. Ubaoni nilikuwa naona vumbi jeupe tu, wenzangu wakawa wanalisoma lile vumbi kwa sauti, nikaamini ni wachawi. Mwalimu aliniita mvivu mpaka mimi mwenyewe nikazoea. Nilipokuja kuambiwa kwamba ninachohitaji ni miwani, tulikuwa tumeshaingia kwenye ile miaka ya foleni, ambayo hata sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Miwani nani akupe.

Nikaolewa Musoma, na mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu Kamunyonge. Mpaka leo anapenda kuwaambia watu kwamba alinioa kwa sababu siku ya kwanza nilimtazama kwa macho ya mahaba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekunja macho ili nimwone. Lakini kumharibia mtu furaha yake kuna faida gani?

Pazia la nyuma la studio yake lilikuwa limechakaa. Lilikuwa limechorwa ndege na ngazi za ghorofa, na ndege ilikuwa imeoza bawa. Akaniomba nichore jingine, maana alijua napenda kuchezea rangi. Rangi zenyewe hazikuwepo. Nikaunga shuka mbili kuukuu, nikapika uji wa muhogo mwepesi, nikauchanganya na bluu ya kufulia, na masizi ya sufuria, na udongo mwekundu niliotoka nao Butiama. Mende walilipenda sana pazia lile. Kila asubuhi walikuwa wamekula kipande cha ziwa, nami nikarudishia.

Nilichora nilichokijua: maji, na vilima ng'ambo ya maji, na anga, vyote vikiwa havina mpaka. Mume wangu alisimama mbele ya pazia, mikono kiunoni.

"Mke wangu, hii si mandhari. Huu ni moshi wa jikoni."

"Ndivyo ilivyo," nikamjibu.

"Wapi ilivyo hivi?"

Mimi nilidhani ni kila mahali. Tukanuniana. Lakini pazia lilikuwa hilohilo moja, na kesho yake akaja mama mmoja muuza dagaa wa Mwigobero, amejipamba, anataka picha. Akapigwa. Picha ilipotoka kwenye maji, mume wangu aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani. Yule mama alikuwa amekaa mbele, wazi mpaka kwenye hereni, na nyuma yake nchi nzima imelala. Hakuonekana amekaa mbele ya shuka. Alionekana amekaa ufukweni, na mpiga picha kamtazama yeye tu. Wenzake sokoni walimuuliza picha imepigwa wapi. Akawaambia Ukerewe, ambako hajawahi kukanyaga. Wiki hiyo wakaja wengine watatu wanaotaka kwenda Ukerewe.

Kuanzia hapo mume wangu akawa muumini mkubwa kuliko mimi. Akataka hata picha za nje zipate ukungu. Watu walikuwa wanapigwa picha mbele ya nyumba zao, na nyuma yao kunaonekana kila kitu, kamba ya nguo, choo, jirani anajikuna. Tukajifunza kuyalaza hayo yote kwenye chumba cha giza. Chini ya mashine ya kukuzia picha tuliweka kioo kidogo, na kwenye kioo tukapaka mafuta. Mwanga ukipita penye mafuta unapoteza njia, unatawanyika, na kile kilichokuwa kikali kinalainika. Penye kioo kitupu unapita kama kawaida.

Sasa mafuta gani? Ya mgando yalikuwa adimu, na yakipatikana magoti ya watoto yalikuwa na haki kuliko picha. Tukajaribu samli. Taa ya mashine ikaichemsha, ikadondokea kwenye karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa imevushwa mpakani Sirari kwa kufichwa ndani ya gunia la mahindi. Mume wangu alitaka kulia. Mimi ndiye niliyefikiria sangara. Ziwa lilikuwa limejaa sangara miaka ile, na wanawake wa Mwigobero walikuwa wanakaanga mabaki yake na kukamua mafuta ya kupikia. Nikayachukua yale mazito ya chini, nikayachanganya na nta ya mshumaa kidogo. Yakakaa. Hayakuyeyuka, hayakuteleza. Harufu tu ndiyo ilikuwa kesi nyingine. Paka wote wa Kamunyonge walijua saa zetu za kazi, wakawa wanapanga foleni mlangoni kama watu wa sukari.

Kazi ile ilikuwa na ujanja wake, na nikisema ujanja sijisifu, maana niliharibu mengi. Ukungu haupakwi ovyo kama mafuta kwenye ngozi. Unafuata umbali. Miguuni pa mtu, pale aliposimama, usiguse. Nyuma yake hatua chache, paka kwa ncha ya kidole, kama unaogopa. Kadiri ardhi inavyokwenda mbali, ongeza. Vilimani mimina. Ukikosea, ukamfifisha aliye karibu na kumwacha wazi aliye mbali, picha inamtia mtu kizunguzungu na wala hajui kwa nini. Na pabaya kuliko pote ni mpakani, kwenye nywele na mabega. Ukungu ukivuka mpaka kidogo tu unamlamba mtu sikio. Niliwahi kumlamba bwana harusi masikio yote mawili.

Hata leo, nikiwa na ile programu, mkono wangu unakwenda hivyohivyo.

Ikaja miaka ya ruksa. Karatasi na filamu zikaanza kuuzwa dukani mchana kweupe, mitumba ikajaa, na watu wakawa na hamu ya kuonekana. Ni miaka hiyo alipokuja mama mmoja ambaye sijamsahau.

Alipiga hodi asubuhi, ametoka upande wa Bunda na basi la kwanza. Mwanamke mtu mzima, mrefu, mikono ya mkulima wa pamba, kitambaa cheupe kichwani. Nyuma yake alikuwepo mwanamke kijana, na kati yao mtoto wa kike mwenye sketi ya bluu ya shule, mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

"Shikamoo mama," nikamsalimia.

"Marahaba mwanangu. Huyu ni mke wangu. Na huyu ni mtoto wetu."

Hatukushangaa, si mimi wala mume wangu. Kwetu Mara, kwenye baadhi ya koo, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba ile, wakaitwa kwa jina la marehemu. Yeye mama ndiye anayesimama mahali pa mume. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa na baba kamili, mwenye jina, mwenye ukoo, mwenye kaburi. Alichokosa ni kumwona tu, kwa sababu mzee alikufa kabla hata mama yake hajaolewa pale.

"Nataka picha ya sisi wote," akasema yule mama. "Na baba yake awemo."

Mume wangu akakohoa. "Mama, picha ya marehemu unayo?"

Akatoa picha ndani ya kitambaa. Ilikuwa ya wakulima wa pamba siku ya kupima, wamepangwa safu kwa safu. Akaweka kidole kwenye safu ya mwisho. Alikuwepo pale mtu ambaye nusu yake imefunikwa na kofia ya mwenzake, na nusu iliyobaki ilitikisika wakati wa kupiga. Sura ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, nayo imepanguswa.

"Iko hii moja tu," akasema. Kisha akamtuma mtoto nje akaangalie paka, na mtoto alipotoka akashusha sauti. "Ameanza darasa la kwanza. Wenzake wanamuulizaga baba yako anafananaje. Anawaambia jina. Wanamcheka, wanasema baba gani wa jina tu, hata miguu hana. Sasa amegoma. Hii wiki ya pili shule haendi. Juzi ameniambia, 'Bibi, mimi sina baba, ninyi mnanidanganya.'"

Mke wake alikuwa ametazama chini.

"Mimi nilitoa ng'ombe ili nyumba ya mume wangu isifungwe," akaendelea yule mama. "Wakubwa wote wanakubali huyu ni mtoto wake. Ukoo umekubali. Kama mtoto mwenyewe hasadiki, sasa mimi nimejenga nini?"

Nilimwonea huruma mpaka nikaahidi kabla sijafikiri. Ndiyo tabia yangu. Mume wangu alinikanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa.

Tukawapiga picha wote watatu mbele ya pazia langu, wawili wamekaa na mtoto amesimama katikati. Wakafikia kwa ndugu yao palepale Kamunyonge kusubiri. Mume wangu akaikuza ile punje ya mtama mpaka ikawa kubwa kama kiganja, na ilivyozidi kukua ndivyo ilivyozidi kutokuwa mtu. Nikachukua brashi yangu nyembamba kuliko zote. Yule mama akaja akakaa pembeni yangu, akawa ananieleza: pua ya hivi, nyusi za hivi, mdomo wake ulikuwa mpana kidogo, hapana, si hivyo. Nikachora jicho moja, nikachora na la pili. Nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Nikampa mzee ngozi nzuri, nikamnyoosha kola, tukampachika nyuma ya familia yake, wazi na mkali kama wao.

Walipokuja kuiona, yule mama aliishika, akaisogeza, akaisogeza tena.

"Huyu ni nani?"

Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Huyu mwanaume simjui," akasema, "na sitaki aingie kwenye boma langu."

"Anafanana na mtu wa kwenye kalenda," akasema mke wake, taratibu, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu wafike. Mtoto alichungulia mara moja, akajificha nyuma ya gauni la mama yake.

Nilikasirika. Nilikuwa nimemimina moyo wangu kwenye zile nyusi. Nikatoka nje, nikakaa kwenye jiwe la kufulia, kati ya paka. Upepo wa ziwa ulikuwa unapanda polepole, na mwisho wa njia yetu, penye uzio wa minyaa, watu walikuwa wanapita, madoa tu, wakiyumbayumba kwenye mwanga kama vitu vilivyo chini ya maji. Nikawa nawatambua bila kujitahidi. Yule fundi cherehani. Yule mama mjamzito. Yule mwalimu mstaafu, na goti lake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na pua.

Nikarudi ndani.

"Mama," nikamwambia, "tuache uso. Alikuwa anatembeaje?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama maji ni maji. "Alikuwa anatembeaga hivi," akaanza kusema kwa mikono, akaona haitoshi, akanyanyuka. Koti la mume wangu lilikuwa linaning'inia mlangoni. Akalichukua, akaliweka begani upande mmoja tu. Akauliza kama tuna fimbo, tukampa mti wa ufagio. Akaupitisha mabegani nyuma ya shingo, akaning'iniza mikono yote miwili juu yake, akatoka uani.

Nilimwahi mke wake. "Dada, mpeleke mtoto Mwigobero akaone mitumbwi." Alielewa bila kuelezwa zaidi. Wakapita mlango wa mbele.

Yule mama akaenda mpaka mwisho wa njia, penye minyaa, akageuka, akaanza kuja. Kwanza alikuwa anaigiza, unaona kabisa mtu anaigiza. Kisha kitu kikalegea kwenye nyonga zake. Bega la kushoto likashuka. Akawa anatupa mguu nje kidogo, bila haraka, kama mtu ambaye ng'ombe wake wameshatangulia na wanaijua njia. Kwa macho yangu mabovu niliona mwanamke anapotea kwenye mwanga ule na mwanaume nisiyemjua anatokea. Mume wangu alikuwa ameshaweka kamera kwenye miguu yake mitatu. Akapiga.

"Ndivyo alivyokuwaga," akasema yule mama alipofika, anahema. "Ndivyo hivyo." Akavua koti, akalitundika mahali pake kwa adabu, kama la mtu aliyelala.

Sasa ikabaki kazi yangu. Negativu zilikuwa mbili: ya familia mbele ya pazia, na ya yule anayekuja. Nilikata kadibodi kwa umbo la wale watatu, nywele kwa nywele, ili mwanga wa mmoja usiingie kwa mwingine. Kisha kioo, na mafuta. Niliwafungia paka nje, nikafunga na mlango.

Sijui kama kuna mahali duniani panapofanana na ndoto kuliko chumba cha giza. Taa ni nyekundu, maji yanadondoka mahali fulani, karatasi nyeupe iko ndani ya beseni, na unaitikisatikisa tu, unasubiri. Kwanza zinakuja nywele za mtoto. Kisha macho. Kisha mikunjo ya sketi yake. Wale wawili wanakaa kila mmoja upande wake. Mwishoni kabisa, nyuma, wakati umeshaanza kukata tamaa, kunaanza kuwa na mtu.

Mara ya kwanza nilipaka kidogo mno. Alikuwa yule mama amevaa koti, yeyote angemtambua. Nikaongeza. Akawa kisiki. Nikafuta kioo kwa kanga, nikaanza upya, miguuni kidogo, magotini zaidi, begani na usoni nikazidisha, na vilima vilivyo nyuma yake nikavimiminia yote. Nilitumia karatasi mpaka mume wangu akaacha kuuliza zimebaki ngapi. Lakini ikaja moja, na nilipoiona inapanda kutoka kwenye maji nikajua ni yenyewe, kwa sababu nilijikuta nakunja macho ili nimtambue anayekuja.

Walikuja siku ya kuondoka, na mizigo yao. Yule mama alichukua picha akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Alisimama pale ametupa mgongo. Mke wake akasogea, akaitazama juu ya bega lake. Ndani ya picha yule mama alikuwepo mara mbili, mbele amekaa na kitambaa chake cheupe, nyuma anakuja na fimbo mabegani, na sisi wanne tulilijua hilo na hakuna aliyelisema.

"Ndiye," akasema.

Akainama, akampa mtoto. Mtoto akaishika kwa mikono miwili. Akajitazama kwanza yeye, kama watoto wote. Akamtazama mama yake, akamtazama bibi yake. Kisha kidole chake kikaenda nyuma, kwenye ule mwanga, kikasimama.

"Ni huyu?"

"Ni huyo."

Akamtazama sana. Alisogeza picha karibu na uso, halafu akaipeleka mbali kadiri mikono yake ilivyofika.

"Atafika lini?"

Kazi yangu yote ilikuwa kumfanya mtu yule aje, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayekuja husubiriwa. Mume wangu akaanza kufuta lenzi iliyokuwa safi. Mke kijana akaziba mdomo kwa kanga. Nikamtazama yule mama, nikitaka kumwomba msamaha, nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua analia, na nilikuwa nimekosea. Alikuwa anacheka.

"Wewe mtoto!" akasema. "Hata mimi nilikuwaga namuuliza hivyohivyo!" Akakaa kwenye stuli ya wateja, akamvuta mtoto katikati ya magoti yake. "Baba yako akiendaga mnadani Bunda, asubuhi anasema, leo narudi mapema. Mapema! Jua linaingia, mimi nimesimama mlangoni, ugali umepoa. Ndiyo namwona kule mbali, hivyohivyo, koti begani, fimbo hivi, anakuja kama vile ndiyo anaanza safari."

"Ulikuwa unamgombeza?"

"Nagombezaga mpaka ng'ombe wanasimama!"

Mtoto akacheka. Mama yake naye akacheka, huku anajifuta macho, na nikatambua kwamba hata yeye alikuwa anaisikia habari ile kwa mara ya kwanza. Miaka yote aliyoishi kwenye nyumba ya mtu yule, alikuwa ameolewa na jina.

"Halafu yeye anasemaje?" akauliza mke kijana.

Yule mama akaacha kucheka taratibu. Akaitazama picha mikononi mwa mtoto.

"Anasemaga, 'Mke wangu, kelele za nini? Si umeniona tangu kule kilimani? Mtu ukishamwona, ameshafika.'"

Nje nikasikia kondakta anaita watu wa Bunda. Mtoto akaitazama tena picha, akafikiri.

"Basi ameshafika," akasema, halafu akamgeukia mama yake akamuuliza kama kesho kuna shule.